Ziwa la Kushoto

Mama yake Melchora Caururo hakuzikwa, kwa sababu hakupatikana. Siku ile alikuwa mtoni chini ya kijiji cha Huarcapampa akisuuza manyoya ya kondoo, mwanawe amemfunga mgongoni kwa mbeleko, wakati pande la barafu kubwa kama kanisa lilipokatika mlimani na kuangukia Atoccocha, ziwa lililoko kwenye kichwa cha bonde. Ziwa likaruka. Likapanda tuta la udongo na kokoto lililokuwa likilizuia, likalikata kama kisu kinavyokata jibini, na bonde zima likaanza kutembea. Hayakuwa maji. Lilikuwa tope zito lenye mawe ya ukubwa wa nyumba, mikaratusi iliyong'olewa na mizizi yake, milango, ng'ombe, watu. Saturnina, ndilo jina la mama huyo, alisikia mngurumo akadhani ni radi. Alipoinua kichwa aliona vumbi likija mbele ya tope, akakimbilia shamba la dada yake. Ukuta wa mawe wa shamba ulikuwa mrefu kuliko yeye. Akafungua mbeleko, akamrusha mtoto.

Dada yake, Zenobia, alikuwa upande wa pili akipalilia viazi, naye ana wa kwake mgongoni. Alimdaka Melchora kwa kumshika mguu mmoja, kichwa chini, kama mtu anavyodaka kuku. Alipogeuka ampe dada yake mkono, ukuta haukuwepo. Mahali pa ukuta palikuwa panapita mlango wa buluu uliosimama wima, kana kwamba kuna mtu anataka kutoka.

Zenobia akanyonyesha wote wawili. Alikuwa mwanamke wa mipaka, asiyependa ugomvi wa haki, basi akagawa: ziwa la kulia la mwanawe Fidencio, ziwa la kushoto la Melchora. Wala hakuruhusu mtu kuvuka. Majirani walicheka, lakini watoto wenyewe waliishika sheria ile kuliko padri anavyoishika misa. Fidencio akiona mkono wa Melchora umesogea upande wake humfinya. Melchora naye, tangu alipoota meno, alikuwa mwepesi wa kuuma.

Wakakua hivyo, ndugu wa kifua kimoja, wakipigana na kulala wamekumbatiana. Melchora alipoanza kuwa na akili aliliona kovu kwenye ziwa la kushoto la Zenobia, kovu baya, limekunjamana kama mdomo wa mtu asiye na meno.

"Mama, hapa uliumia na mafuriko?"

"Muulize kaka yako," Zenobia alimjibu, akafunga blauzi. Na Fidencio alipoulizwa hakujua lolote, akamrushia kiazi cha moto.

*

Melchora aliolewa na Eleuterio Yauri, mtu mpole mwenye masikio makubwa, aliyekuwa fundi wa mifereji ya kumwagilia. Mtoto wao wa kwanza, Isaura, alizaliwa mwaka ule ule wahandisi walipokuja kutoka mjini Huaraz. Ilikuwa imejulikana kwamba barafu inayeyuka na Atoccocha limejaa tena, tena limejaa kuliko siku lilipomchukua Saturnina, na tuta linalolizuia ni kifusi kile kile, kilichoporomoka baadaye kikaziba pale palipokatika. Wahandisi walitaka kulikata tuta kwa mpango, walaze humo bomba nene la zege, kisha walijenge upya juu yake kwa udongo ulioshindiliwa na mawe, ili ziwa lisiweze kupanda tena kupita pale. Lakini huwezi kukata ukingo wa chombo kilichojaa. Kwanza ilibidi ziwa lishushwe.

Ndipo wakapandisha mabomba meusi, manene kama paja la mwanaume, wakayalaza kutoka majini, juu ya mgongo wa tuta, hadi chini kwenye kijito. Hayakuwa na mashine. Unafunga koki za ncha zote mbili, unajaza bomba maji kwa ndoo kupitia tundu la juu mgongoni, unaziba tundu, kisha unafungua ncha zote kwa pamoja. Maji yanayoshuka upande wa nje yanayavuta ya ndani, nayo yanapanda mlima yenyewe. Eleuterio alipoona mara ya kwanza alivua kofia.

"Limeshika," alisema. "Kama mtoto akishaishika chuchu. Haliachi tena mpaka uliachishe."

Wakampa kazi ya ulinzi wa koki. Yeye na mkewe wakahamia kwenye kibanda cha mabati kando ya ziwa, Melchora akiwapikia wafanyakazi supu ya viazi na mahindi. Kila alfajiri, kabla ya kuwasha moto, alitupa majani ya koka majini, akasema polepole, "Mama, tunakupunguzia tu. Usikasirike." Wahandisi walimwacha. Mmoja wao alianza kumwomba amtupie na la kwake.

Mabomba yakawa yananguruma mchana kutwa, na Isaura akajifunza kulala kwa mngurumo ule. Ukimpeleka kijijini kwenye kimya, analia.

*

Mvua ya mwaka uliofuata haikuja. Viazi vilichipua, vikajikunja, vikawa rangi ya tumbaku. Mfereji mkuu ukawa njia ya mijusi. Ng'ombe wa Fidencio, dume lake la kulimia alilolilea tangu ndama, lilipiga magoti shambani na nira shingoni, likafa likimtazama. Wenzake walimkuta amekaa juu ya mzoga, anaufukuzia nzi kwa kofia.

Siku ya soko Melchora alishuka kununua chumvi na mtoto mgongoni. Wanawake waliokuwa wakimsogezea kigoda walitazama pembeni.

"Mke wa mnyonyaji huyo," alisema mmoja, kwa sauti ya kusikika. "Leo mmenyonya kiasi gani, mama?"

"Isaura naye ni mnyonyaji," Melchora akajibu. "Mwulize yeye."

Wachache walicheka. Lakini Fidencio alikuwepo, amesimama penye muuza kamba, macho mekundu kwa pombe ya mahindi. Akaja hadi uso wake ukawa karibu na wa Melchora.

"Dada, mimi na wewe tumenyonya pamoja, nakuambia kwa wema. Mumeo anamkamua mama yetu Atoccocha mchana na usiku, na maji yenyewe yanakwenda baharini. Mlima unaona. Wewe ungekuwa mlima, mtu anamkamua mkeo mbele yako, ungempa mvua?"

"Kaka, ziwa linashushwa lisije likatuua. Mama yangu—"

"Mama yako alikufa mvua inanyesha! Alikufa ameshiba!" Akapiga ngumi meza ya muuza kamba. "Mimi nimezika dume langu. Nikiweka nira shingoni mwangu, utakuja kushika jembe?"

Jumapili iliyofuata wakafanya Kilio. Ni desturi ya kale ya Huarcapampa, ya miaka mibaya tu. Watoto wote wanyonyao hulazwa kwenye uwanja wa kanisa tangu kunapopambazuka, mama zao hukaa nyuma ya ukuta, na hakuna kunyonyesha mpaka jua lifike utosini. Kilio cha watoto wenye njaa hupanda mlimani, na mlima ukiwa na moyo hutoa mvua. Melchora alimleta Isaura, kwa sababu asingemleta ingekuwa neno jingine. Alikaa na wenzake nyuma ya ukuta akisikia sauti ya mwanawe ikitofautiana na zote. Jua lilipopanda, maziwa yalianza kumjaa. Yakawa mazito, kisha yakawa mawe. Blauzi ililowa. Kando yake msichana aliyejifungua juzi juzi alikuwa akilia kimya, mikono imeyashika yake kama mtu aliyebeba makaa.

"Yanataka kupasuka," msichana alinong'ona.

"Vumilia, mwanangu," wanawake wakamwambia. "Yamkini mlima unasikia."

Mlima haukusikia. Mbingu ilibaki nyeupe kama sahani. Mama walipofunguliwa lango walikimbia, na Isaura alivuta kwa hasira hata Melchora akapiga ukelele. Ng'ambo ya uwanja Fidencio alikuwa amepanda juu ya jiwe.

"Watoto wetu wamelia bure!" alisema. "Nani atalia tena kabla hatujawang'oa wale wanyonyaji wa bomba?"

*

Walipanda siku iliyofuata, saa za kumenya viazi. Melchora alisikia ngoma kwanza. Wahandisi na wafanyakazi walikuwa wameshuka Huaraz kuleta saruji, na pale juu palikuwa na yeye, mtoto, na Eleuterio. Watu wakaibuka kwenye mgongo wa tuta wamebeba sululu, mitaimbo, nyundo za kuvunjia mawe, mashavu yamevimba kwa majani ya koka wanayotafuna. Hakukuwa na mgeni hata mmoja. Alikuwemo hata aliyemsimamia mwanawe ubatizo.

Eleuterio alisimama kwenye koki ya nje, ameishika kwa mikono yote miwili.

"Shemeji," alimwambia Fidencio, "tuongee. Ukigonga bomba likiwa limejaa, litatembea. Litaua mtu."

"Ondoa mkono."

"Shemeji, nisikilize—"

"Nimesema ondoa mkono, we masikio!"

Hakuondoa. Fidencio akainua nyundo, na Melchora, ambaye alikuwa akikimbia na mtoto anamdunda mgongoni, hakuamini kwamba ingeshuka. Ilishuka. Mfupa wa Eleuterio ulilia kama ukuni mkavu. Akaanguka bila sauti, mkono umepinda mahali pasipo na kiungo, na watu wakampita juu, wengine kwa viatu.

Melchora alirudi jikoni, akatwaa sufuria ya supu kutoka motoni kwa mikono mitupu, akawamwagia waliokuwa mbele. Mmoja akashika uso akipiga mayowe. Mwingine akampiga Melchora na mpini wa sululu begani, mbali na mtoto kidogo tu. Akajitupa juu ya Fidencio kama paka, akalidaka sikio, akauma mpaka meno yakakutana. Fidencio alinguruma, akamtupa chini, damu ikimtiririka shingoni.

"Bado unauma!" alipiga kelele, nusu analia. "Bado tu unauma, wewe!"

Kisha akapanda mgongoni mwa tuta, akaipiga ile sehemu ya juu kabisa ya bomba, pale penye tundu. Akaipiga tena. Bomba likapasuka likavuta pumzi ndefu, ya kuogofya, kama mtu anayezama. Ndipo lilipotembea. Upande wa nje, wenye uzito wa maji yote yale, ulijing'oa kwenye vigingi ukateleza kuteremka, ukipiga huku na huku kama nyoka aliyekatwa kichwa. Ukamkuta jamaa mmoja njiani ukamponda miguu dhidi ya jiwe. Waliobaki waliyashughulikia mabomba mengine kwa shoka, na yote yalikufa kwa pumzi ile ile.

Kisha kukawa kimya. Isaura, mgongoni, akaanza kulia.

*

Mvua ilinyesha kesho yake.

Ilinyesha kama imefunguliwa kwa ufunguo. Huarcapampa wakatoka nje wakasimama vinywa wazi. Wakapiga ngoma, wakachinja simbilisi, wakamwaga pombe ya mahindi ardhini. Fidencio, sikio limefungwa kitambaa, alibebwa mabegani. Eleuterio aliletwa nyumbani kwa Zenobia juu ya punda, mkono umefungwa kwa fito, na watoto wakalipiga bati la nyumba mawe wakiimba, "Wanyonyaji! Wanyonyaji!" Zenobia alitoka na ufagio, akawatawanya, akarudi akaketi.

"Mama, wewe huogopi?" Melchora akauliza.

"Nini?"

"Mvua hii."



Mvua haikukoma. Ilipita kiasi cha kufurahiwa, ikapita kiasi cha kusemwa. Barabara ya Huaraz ikakatwa na maporomoko, kwa hiyo wahandisi hawakuweza kurudi hata kama wangetaka. Melchora akapanda peke yake, Isaura kifuani chini ya poncho, joho lake la sufu, kwenda kuona. Alipofika mgongoni mwa tuta alitazama majini. Ziwa lilikuwa limeyameza mawe yote aliyozoea kuanikia nguo. Lilikuwa limefika kwenye ukingo kabisa, limetuna, linang'aa, limetulia. Juu yake, ng'ambo, barafu ilikuwa imepasuka ufa mpya, wa buluu, na kutoka humo ilitoka sauti kama mtu anayesaga meno usingizini.

Alishuka mbio. Wanakijiji walikuwa kwenye uwanja wa shule, chini ya maturubai, wakigawana mbegu za kupandia upya. Akasimama katikati, maji yanamchuruzika.

"Limejaa," alisema. "Limejaa mpaka mdomoni. Barafu ikianguka leo, tumekwisha. Tuyarudishe mabomba. Eleuterio anajua kuyaunga."

"Ehe!" akasema mwanaume mmoja. "Mvua ikimbie tena?"

"Mwenye supu kaja!" akasema mwingine, yule wa uso wenye malengelenge, na watu wakacheka. Fidencio hakucheka, lakini alitikisa kichwa.

"Rudi nyumbani, dada. Mama Atoccocha ameshiba sasa. Ametulia. Ziwa lililojaa lina ubaya gani?"

Zenobia alikuwa kwenye benchi la wazee wa kike. Aliinuka. Alikuwa mtu asiyezungumza mkutanini, basi watu walinyamaza kabla hajafungua kinywa. Akaja mpaka katikati, akafungua vifungo vya blauzi, polepole, kwa vidole vyake vya baridi yabisi, akalitoa ziwa la kushoto mbele ya wanaume na wanawake wa Huarcapampa.

"Mama!" Fidencio alisema. "Mama, jifunike!"

"Umeniuliza ziwa lililojaa lina ubaya gani. Tazama." Sauti yake haikuwa kubwa. "Hili lilikuwa la Melchora. Alipokuwa hajaachishwa bado, bibi yake mzaa baba alivuka mlima akaja akamchukua bila kuniuliza. Miezi ilipita kabla hajamrudisha, na hili likabaki halina mtu. Likajaa. Nikakuomba wewe, Fidencio. Nilikushika kichwa, nikakuwekea mdomoni. Ukafumba meno. Ukageuza uso. Kwa sheria yangu mwenyewe: si lako, una lako! Ukaniacha naungua, ziwa jekundu, gumu kama jiwe la tanuri, nikitambaa sakafuni. Likapasuka lenyewe. Mkunga akamalizia kwa kigae cha chupa. Usaha ulijaa bakuli."

Akaanza kufunga vifungo.

"Halikuwa limetulia, mwanangu. Lilikuwa limetuna. Nyinyi wanaume mtajua wapi."

Yule msichana wa siku ya Kilio alikuwa wa kwanza kusimama, mtoto wake amelala begani. "Mimi nilikaa nyuma ya ukuta ule asubuhi moja tu," alisema. "Nitabeba ndoo."

Wanawake wakaanza kuinuka, mmoja mmoja, kisha kwa mafungu, wakijifunga mbeleko upya. Na mwanamke mmoja mwenye mdomo mchafu akamwambia Fidencio alipokuwa akipita, "Ulinyimwa nini hata ukawa mchoyo wa kunyonya, jamani?" Kicheko kilichofuata kilikuwa kikali kama kofi. Fidencio alisimama pale, shingo imewiva. Halafu akaokota mtaimbo.

*

Eleuterio alipandishwa juu ya punda, anasaga meno kwa maumivu kila punda alipojikwaa. Alipofika alimwita Fidencio.

"Mkono wangu umeuvunja wewe. Basi wewe ndiye mkono wangu. Shika hapo."

"Nimeshika, shemeji."

"Si hivyo! Unashika kama unamkaba mbuzi."

Mabomba yalivutwa kutoka kwenye kijito kwa kamba na mabega. Palipopasuka walivisha ngozi za kondoo zilizopakwa mafuta, wakazikaza kwa waya. Koki zilizovunjika walizichongea vizibo vya mti. Wanawake wakapanga mstari kutoka majini hadi mgongoni mwa tuta, ndoo, sufuria, vibuyu, vikapita mkono kwa mkono katika mvua ya barafu, vidole vikipasuka damu. Fidencio aliingia majini hadi kifuani kushika kizibo cha ndani, midomo imekuwa ya zambarau. Eleuterio akainua mkono mzima.

"Sasa!"

Kizibo kikatoka. Bomba likakohoa, likatetemeka, likakohoa tena. Melchora alikuwa ameweka sikio. Halafu mngurumo ule ukaanza, mdogo, ukakua, na kule chini maji yakatoka kwa kishindo.

"Limeshika!" alipiga kelele. "Limeshika!" Wanawake wakakumbatiana matopeni. Isaura akalala.

Na mvua haikukimbia. Iliendelea kunyesha, kila mtu aliiona.

Fidencio hakushuka na wenzake. Alijitandikia pembe ya kibanda, akakaa akilinda mabomba siku zote zilizofuata, ziwa likirudi nyuma kidogo kidogo, mawe ya kuanikia nguo yakitokeza migongo. Jioni alimbeba Isaura magotini, akimchezesha.

"Usimuume mjomba," alimwambia. "Mamako tayari kanila sikio."

"Lilikuwa halina chumvi," Melchora akasema.

Ndiyo maneno yaliyowatosha juu ya jambo lile.

Kazi ya Fidencio ilikuwa kinywa cha mabomba. Vipande vya barafu vilielea mpaka pale vikaziba, na ilibidi mtu atoke na chelezo cha magogo, amefungwa kamba kiunoni, avisukume kwa mti mrefu. Melchora ndiye aliyeshika kamba, imezungushwa kwenye jiwe. Walikuwa kwenye kazi hiyo, asubuhi yenye jua, ya kwanza tangu mvua, wakati mlima ulipotoa mlio mmoja mkavu, kama nyundo kwenye mfupa.

Aliiona barafu ikianguka. Uso mzima wa buluu ulitoka ukutani ukashuka, taratibu, ukazama, na ziwa likainuka lote kwa pamoja.

"Fidencio!"

Alikuwa ameshageuka. Hakuangalia nyuma, alimwangalia Melchora, na mtoto mgongoni mwake. "Panda!" alipiga kelele. "Acha kamba! Panda, we mjinga, panda!"

Melchora alivuta. Alivuta mpaka kamba ilipomkwangua ngozi ya viganja, Fidencio akija juu ya magogo, karibu, karibu zaidi, na nyuma yake ukuta wa maji. Kisha mikono yake ikaiacha. Hakuwahi kujua kama iliteleza au aliifungua. Alikimbia juu ya mawe, mbeleko ameikamata kwa meno, na maji yakampiga visigino, yakamwangusha, yakamburuta, yakarudi.

Yalipanda ukingo wa tuta, yakamwagika upande wa pili. Lakini ziwa lilikuwa chini. Yaliyovuka yalikuwa makombo tu ya wimbi lile. Yalichimba, yakang'oa kibanda cha mabati na bomba moja, hayakupata nguvu ya kukata. Tuta likasimama. Huarcapampa walipoteza daraja, kondoo wa malisho ya chini, na shamba la viazi la Zenobia. Mtu hawakupoteza hata mmoja, huko chini.

Melchora alirudi kwenye jiwe, akavuta kamba kwa viganja vilivyochunika. Ilikuja na kipande cha gogo kilichonasa, na kitanzi cha kiunoni kitupu, fundo lingali zima.

Walizika kofia yake na poncho. Zenobia alisimama kaburini mkavu wa macho, ameshika mkono wa Melchora uliofungwa vitambaa, anauminya mpaka damu ikatokeza.

"Limemchukua wa kulia," alisema, "likaniachia wa kushoto."

Melchora hakujua kama alikuwa anashukuru au analaumu.

Barabara ilipotengenezwa wahandisi walirudi. Tuta likakatwa, bomba la zege likalazwa, udongo ukashindiliwa juu yake na kufunikwa mawe, kama walivyosema. Mkono wa Eleuterio uliunga vibaya, na ulinzi wa ziwa ukawa wa mkewe. Kazi ilipokwisha Zenobia aliomba apandishwe, naye hajawahi kupanda huko maishani. Alisimama kwenye ukingo mpya akitazama maji, buluu, mazuri, hayana hata kunyanzi. Akainama, akaokota jiwe kubwa kiasi cha nguvu zake, akalirushia ziwa, akaokota jingine, akalirusha, na jingine, mpaka pumzi ikamwishia. Hakuna aliyemzuia.

Kisha akaketi chini, akauliza kama kuna viazi. Melchora akamfungulia kitambaa, akaanza kummenyea.